Watoto Wasiguse Maji Mpaka Jumamosi

Jumapili, 1 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Anakuja Jumamosi.

Sikuongea naye mimi. Kwetu mtu haongei na mama mkwe wake ovyo ovyo. Aliongea na mke wangu Speciosa, na Speciosa akaweka spika ili nami nisikie vizuri. Amesema kila akilala anaota maji. Amesema wajukuu zake wamezaliwa Runazi, kwenye udongo, katikati ya mihogo na mahindi, na angependa kumjua aliyewadanganya kwamba binadamu anaweza kuishi juu ya jiwe lililozungukwa na ziwa. Anakuja kuona kwa macho yake. Akikuta watoto wanachezea maji, anarudi nao kwake Nyamahanga, wote watatu, kwa boti hiyo hiyo.

Nikamtazama Speciosa nione atamjibuje mama yake. Akasema sawa mama.

Simu ilipokatika nikamuuliza sawa gani hiyo. Akasema yeye ni mwalimu, amehamishiwa Kisiwa cha Rusenyi kikazi, yuko darasani kutwa nzima, na anayeshinda na watoto ni mimi. Kama nina uhakika nao, hakuna neno. Kama sina, bora wakae kwa bibi yao mpaka wakue kidogo. Kisha akaniuliza kama ninao uhakika. Nikasema ninao kabisa. Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Ukweli ni huu. Tuna mwezi mmoja hapa. Ukirusha ukoko wa ugali kutoka mlangoni kwetu, samaki wanaula. Anjelika ana miaka saba na anajua kila kitu. Gidioni ana mitano na haogopi kitu. Ndizeye, kitinda mimba, ana miwili, na kila akipotea unamkuta ameshika njia ya ziwani kama mtu aliyeitwa. Mimi maji ninayoyafahamu ni ya ndoo. Usingizi sina. Nikisikia kitu chochote kimedondoka majini, hata kikiwa jiwe, nawapapasa watoto kitandani mmoja mmoja.

Wakiondoka sijui nitakuwa nani. Kule Runazi nilikuwa na duka, watu waliniita Bosi. Hapa jina langu ni Baba Anjelika. Wakimchukua Anjelika nitabaki Baba nani?

Basi nimeamua. Watoto wasiguse maji mpaka Jumamosi. Najua nilimwahidi padri kwamba Kwaresma hii nitafunga ujanja. Lakini huu si ujanja, haya ni malezi.

Jumatatu, 2 Machi

Uzio.

Sijui kwa nini sikuliwaza mapema. Runazi mtu akiwa na kitu cha thamani anazungushia minyaa, yamekwisha. Hapa minyaa hakuna. Kuna mawe, mchanga, na harufu ya dagaa. Ila nyuma ya nyumba ya jirani yetu Bonaventura kulikuwa na wavu umelala tu, hauna kazi. Nikauazima. Sikutaka kumsumbua kwa kumwomba.

Bonaventura ni fundi wa nyavu. Amezaliwa hapa hapa. Siku ile tuliyoshuka na magodoro yetu, kabla hata hatujapata pa kuyaweka, alikuja akasema watoto wa hapa hufungwa kidumu kitupu kifuani, wakaingizwa kwenye maji ya magotini, na baada ya wiki chache kidumu kinavuliwa na mtoto anaogelea. Akasema hata wangu anaweza kuwafundisha. Nikamjibu kwamba wanangu si mafuta ya kula wafungwe madumu. Akacheka. Na cheko la yule mtu silipendi. Linaanza na haliishi.

Nikafunga wavu kutoka kona ya nyumba hadi kwenye jiwe kubwa, kutoka jiwe hadi chooni. Mpaka saa nne ulikuwa uzio hasa. Kisha Gidioni akapita chini yake. Ndizeye akapita katikati yake, sijui wapi. Mimi nikamfuata Ndizeye, na kifungo cha shati kikanasa, nikageuka kukinasua, mkono ukanasa, nikapiga teke.

Bonifasia, mke wa Bonaventura, akapita na beseni la dagaa kichwani. Akanipa pole. Akauliza nimevuliwa leo asubuhi au ni wa jana.

Bonaventura naye akaja. Kumbe wavu ule haukuwa mzee. Ni kazi ya mteja, anauziba matundu tangu Januari. Nilitegemea matusi, nikajiandaa kwa matusi, na nilikuwa na majibu mazuri. Hakunitukana. Alichuchumaa akanitoa tundu kwa tundu, taratibu, huku akiniuliza kama sasa tuwafunge wale watoto vidumu. Nikasema hapana, ahsante. Nilikuwa bado nimenaswa mguu mmoja.

Jumanne, 3 Machi

Njuga!

Mbuzi mwenye njuga hapotei. Mtoto yeyote wa Runazi anajua. Nikapekua gunia la vitu vilivyobaki dukani, nikapata njuga tatu, nikawafunga watoto miguuni. Anjelika ya sauti nyembamba, Gidioni ya sauti nzito, Ndizeye ya katikati. Anjelika akaenda nayo shuleni. Nikakaa mlangoni na kikombe cha chai nikaacha masikio yafanye kazi. Gidioni huyo nyuma ya nyumba. Ndizeye huyo jikoni. Tangu tumefika hapa sijawahi kunywa chai ikiwa ya moto, leo nimeinywa.

Kwenye saa tano Felisita, binti wa Bonaventura, akaja na wenzake kutazama. Felisita ni mdogo lakini ana macho ya mtu mzima. Akauliza hawa wamepewa zawadi ya nini. Nikasema ya utii. Lilikuwa kosa. Baada ya mapumziko ya mchana kila mtoto wa mwalo, hapa boti za uvuvi zinaposhusha dagaa, alikuwa na visoda vimetobolewa na kutungwa kwenye waya, amevifunga miguuni, wengine miguu yote miwili na mikono. Ufuko mzima ukawa unalia kama misa ya Pasaka.

Nikaisikia njuga ya Ndizeye ikielekea ziwani. Nikakimbia. Si yeye, ni mtoto nisiyemjua. Nikaisikia upande wa pili. Nikakimbia. Si yeye. Nilikimbia hivyo mpaka pumzi ikaisha na watoto wakadhani ni mchezo, wakawa wananikimbiza wao. Ndizeye nilimkuta amelala mapajani kwa Bonifasia. Njuga alikuwa amemvua, eti inamkatisha usingizi.

Jioni Speciosa akauliza kwa nini darasa lake zima linalia likitembea. Nikasema ni ubunifu. Hakuuliza zaidi. Speciosa asipouliza zaidi, mimi huenda kuosha vyombo hata vilivyo safi.

Jumatano, 4 Machi

Nimekumbuka nilivyolelewa mimi. Nani aliyenifungia uzio? Nani aliyenifunga njuga? Hakuna. Niliambiwa kuna fisi, nikakaa ndani.

Asubuhi kabla Anjelika hajaenda shule nikawakalisha watatu kitandani nikawasimulia habari za Rubambo. Rubambo anakaa chini ya ziwa. Ana mikono mirefu, laini, haina mifupa. Anashika miguu ya wanaochezea maji na kuivuta. Niliitoa ile hadithi vizuri sana, hata mimi nywele zilisimama. Gidioni akauliza kama anakula hata watu wazima. Nikasema anakula wale tu wasiojua kuogelea. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Kazi ikikolea mtu husema.

Matokeo yalikuwa ya papo hapo. Gidioni na Ndizeye walishinda kitandani. Hakuna aliyegusa maji. Kweli, hata ya kuoga hawakuyagusa, na Gidioni aliniuliza kwa upole kama shimo la choo limeungana na ziwa, na nilipochelewa kumjibu akaamua kubana. Lakini nilikuwa na amani.

Speciosa akarudi na uso ambao naujua. Kumbe Anjelika amesimulia shule nzima. Mapumzikoni hakuna mtoto aliyekubali kwenda kuchota maji ya uji. Uji haukupikwa. Mwalimu mkuu akauliza huyo Rubambo ni nani, na mtoto wa darasa la pili akasimama akajibu kwamba ni ndugu yake Mwalimu Speciosa.

Kabla hajamaliza kunieleza, kina mama wa mwalo wakapiga hodi. Watoto wao wamekataa kuosha vyombo. Wanamtaka mwenye Rubambo. Niliwajibu kutoka ndani kwamba sipo.

Speciosa ameniambia nitawaeleza watoto mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba nilidanganya. Nimesema nitawaeleza kwamba Rubambo amehamia Uganda. Akaanza kusema kuna jambo amekuwa akitaka kuniambia kuhusu watoto na maji. Nikamwomba asubiri, maana nilikuwa nafikiria Jumamosi. Akasema haya.

Alhamisi, 5 Machi

Leo sijui niandikeje.

Baada ya chakula cha mchana nilikuwa naosha sahani. Nikageuka, Gidioni hayupo. Nikaita. Tonge lake la mwisho nalo halikuwepo kwenye sahani. Nikatoka mbio na povu mikononi.

Alikuwa majini. Maji yamemfika kifuani. Ameinua mkono juu na lile tonge, na dagaa mmoja juu ya tonge, anazungumza na ziwa. Anamwambia Rubambo ale ugali ashibe, amwache baba, kwa sababu baba hajui kuogelea.

Nilisimama ukingoni. Miguu ilikataa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: mwanangu alikuwa ndani ya maji na miguu yangu ilikataa kuingia. Nilimwita, upepo ukachukua sauti. Likaja wimbi likamfika kidevuni. Nikasikia sauti ya ajabu, kumbe natoa mimi.

Felisita alikuwa karibu anasugua sufuria. Akaiweka chini, akaingia, akamshika mkono kama unavyomtoa mtoto barabarani, akamleta. Na tonge lake akalileta.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu. Akauliza kama Rubambo ameshiba. Nikasema ameshiba na amehama. Akaniuliza kwa nini nalia, nikasema ni sabuni ya vyombo.

Nikamwomba Felisita asimwambie mtu. Akauliza amwambie mtu nini. Nikamwambia hili lililotokea. Akanitazama, akatazama ziwa, akasema hajaona kitu, akarudi kwenye sufuria yake. Mtoto ana heshima yule. Sijui ameitoa wapi kwa baba kama yule.

Baadaye nilifikiria habari ya kidumu. Niliifikiria kweli kweli. Nilifika hadi mlangoni kwa Bonaventura. Nikamsikia ndani anacheka na mkewe, na kwa kuwa kisiwani hapa hakuna kingine cha kuchekwa zaidi yangu, nikarudi. Halafu hebu fikiria: mama mkwe ashuke akute wajukuu zake wanaelea na vidumu vifuani. Si atawabeba hata bila kufungua vidumu? Zimebaki siku mbili. Tuvumilie.

Ijumaa, 6 Machi

Nimegundua shida ilipo. Si watoto. Ni mahali pa kushukia.

Boti haifiki nchi kavu hapa. Inasimama palipo na maji ya kiunoni, vijana wanakwenda kubeba abiria mgongoni mmoja mmoja. Akina mama hali kadhalika. Mimi nilibebwa, sitaki kukumbuka. Sasa mama mkwe wangu, Mama Francisca, mwenyekiti wa kina mama kigangoni kwao, abebwe mgongoni na kijana asiye na shati? Mbele yangu mkwewe, mimi ambaye hata mkono simpi, hata kikombe alichonywea sikishiki? Akishuka na hasira, kesi imekwisha kabla hajamwona mtoto hata mmoja.

Kwa hiyo atashuka kwa heshima. Nimechukua kiti cha Speciosa cha ofisini (hajajua), nimekifunga juu ya makasia mawili marefu, nimepata machela ya kukalia. Zamani kule Ngara mabibi harusi walibebwa juu juu, hawakukanyaga chini. Wabebaji wanne: Bonaventura, Thobias mwenye mashine ya kusaga, na vijana wawili wa mwalo. Tumefanya mazoezi kwa gunia la unga wa muhogo. Gunia limefika likiwa kavu.

Bonaventura aliuliza kwa nini asibebwe tu kama watu wote. Nikamwambia yeye si watu wote.

Kisha nikawapa watoto mazoezi yao. Bibi akiwauliza kuhusu ziwa, mtamjibu nini? Anjelika akajibu, ziwa lipi? Vizuri sana. Gidioni akasema sisi hatugusi maji, halafu akamtazama Anjelika, wakacheka wote wawili mpaka wakaanguka. Ndizeye akapiga makofi. Nikauliza kuna nini. Hakuna kitu. Nywele zao zilikuwa zimelowa. Anjelika akasema ni jasho. Ilikuwa asubuhi na mapema, na baridi, lakini watoto hutoka jasho bila sababu.

Nimesali rozari nzima na sikumbuki hata fungu moja.

Jumamosi, 7 Machi

Nitaandika yote, maana kisiwani hapa kila mtu ana toleo lake na yote si ya kweli.

Boti ilionekana saa nane. Thobias hakuwepo. Amekwenda msibani kijiji cha pili, ameacha salamu. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Boti imeshazima injini. Mama mkwe amesimama ndani yake, kitenge kipya, kilemba, kikapu mkononi, anayatazama maji kama mtu anayemtazama mwizi wake. Wabebaji wa kawaida wakaanza kumwendea na migongo yao.

Nikashika kasia. Mimi mwenyewe. Nataka iandikwe.

Maji ya vifundoni, sawa. Ya magotini, Salamu Maria. Ya mapajani, Salamu Maria tena, ile ya kwanza sikuimaliza. Tukafika. Mama mkwe akakaa kwenye kiti bila kunitazama, na mimi nikageuza uso nisimtazame, kama inavyotakiwa. Sasa hapo ndipo penye tatizo ambalo wazee hawakulifikiria. Ukimbeba mtu huku umegeuza uso, huoni unakokwenda.

Kikaja kitu kikanigusa mguu. Kirefu. Laini. Hakina mifupa.

Nilijua ni Rubambo. Mimi niliyemtunga mwenyewe, kitandani kwangu, nikiwa na akili zangu timamu. Nikaachia kasia.

Kiti kilikuja upande wangu. Mama mkwe akaingia majini pamoja na kiti cha ofisi ya walimu. Nami nikaanguka. Na hata wakati ule, wasinisingizie, sikukosa adabu. Mkwe hatazami nguo za mkwewe zikiwa zimelowa. Nikageuka kuangalia chini, na chini kulikuwa maji matupu. Nikanywa. Nikapiga mikono. Nikakiona kifo changu, na nikaona kufuli ya duka langu kule Runazi. Nikapiga kelele watoto wakae mbali, lakini maneno yalitoka na maji.

Mtu akanishika ukosi wa shati. Gidioni. Yuko juu ya maji, anapiga miguu nyuma kama kifaranga cha bata. Mbele yake Anjelika anaogelea huku anasukuma kikapu cha bibi yake kiende nchi kavu. Na ukingoni, magotini kwa Bonifasia, Ndizeye ana kidumu cha manjano kifuani, anayapiga maji kwa viganja vyote viwili, anafurahi.

Gidioni akaninong'oneza sikioni ili watu wasisikie. Akasema, "Baba, simama."

Nikasimama. Maji yalikuwa ya kiunoni.

Mwalo mzima ulikuwa ukingoni, na hakuna aliyecheka. Bonaventura naye hakucheka. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kofia yake. Afadhali angecheka.

Mama mkwe alikuwa amesimama zamani. Kilemba kimekwenda na maji. Hakunitazama. Alikuwa anawatazama wajukuu zake, mmoja baada ya mwingine, majini, wote watatu, siku ya Jumamosi. Moyo ukanivunjika. Niliwaza nguo zao ziko wapi, nani atamkumbusha Ndizeye shuka lake la kulalia, maana bila lile shuka halali, na kule Nyamahanga hawajui. Nikatoka majini nikapita nyuma ya nyumba nikakaa chini nikaegemea ukuta, nisubiri hukumu yangu.

Mama mkwe akabadili nguo. Kisha nikamsikia anamwita Anjelika, na anaongea kwa sauti ya kuvuka ukuta. Akasema, Anjelika, mwambie baba yako nimewaona wajukuu zangu. Mwambie siwachukui. Nilikuja kwa hofu kwamba ziwa litawala, nimekuta wao ndio wanaomtoa mtu ziwani. Anjelika akazunguka nyumba akanirudia neno kwa neno, ingawa nilisikia yote. Nikamwambia mwambie bibi ahsante sana, Mungu ambariki. Akazunguka. Akarudi. Bibi anasema harudi kesho. Watoto hawana shida, lakini baba yao hana uhakika naye. Atakaa.

Speciosa akaja kukaa nami pale ukutani. Kumbe tangu wiki ya pili, kila alfajiri, mimi nikiwa ndio kwanza nimepata usingizi, anawapeleka watoto kwa Bonifasia na vidumu. Juzi Gidioni alipoingia na tonge lake hakuwa hata anakaribia kuzama. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kila alipoanza, mimi nilikuwa na mpango.

Nilikasirika, halafu nikamwuliza Gidioni anaweza kuogelea mpaka wapi. Akanionyesha jiwe. Ni mbali. Nilijisikia vizuri sana, nikajificha nisionekane.

Shida moja. Nyumba ni chumba kimoja. Mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja, hiyo haina mjadala, hata Speciosa hakubisha. Mama mkwe yuko ndani na wanangu. Mimi naandikia haya kwenye banda la nyavu la Bonaventura. Amenikaribisha vizuri. Amecheka kuanzia mlangoni.

Jumapili, 8 Machi

Banda linanuka. Watoto walikuja asubuhi wakanipa shikamoo kama mgeni. Wamebeba dumu kubwa la lita ishirini na kamba. Gidioni anasema kesho asubuhi tunaanza, maji ya magotini tu, na nisiogope, atanishika. Nimemwambia mguu unaniuma. Akauliza upi. Nikasema yote.

Nimeipitia wiki kwa utulivu. Nilitaka nini? Watoto wasichukuliwe. Wamechukuliwa? Hawakuchukuliwa. Basi mpango ulifanikiwa, tena kwa asilimia zote, isipokuwa mimi ndiye ninayelala nje. Kilichobaki ni kumrudisha mama mkwe Nyamahanga kwa heshima, bila kumfukuza, maana mkwe hafukuzwi.

Wahenga walishalimaliza hili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alifika jana na kesho ni siku ya tatu. Jembe lipo kwa Bonifasia.

Jumatatu, 9 Machi

Nimemtuma Gidioni na jembe. Na salamu. Mtu mzima yeyote akiletewa jembe siku ya tatu anaelewa, hahitaji barua.

Ameelewa. Gidioni amerudi na majibu: bibi anashukuru sana, anasema kumbe mkwe wake ana akili, alikuwa anaona aibu kuliomba.

Nilikwenda kukaa karibu na boti ya mchana, nimpungie kwa mbali. Boti iliondoka na magunia ya dagaa. Yeye sikumwona.

Jumanne, 10 Machi

Amelima.

Nyuma ya shule, kwenye kijinafasi chenye udongo katikati ya mawe ambapo mimi niliapa hakuna kinachoota. Watoto wamembebea udongo kwa mabakuli tangu jana. Amepanda maharage aliyokuja nayo kwenye kikapu. Amemwambia Speciosa kwamba atayala hapa hapa, mabichi kwanza, halafu makavu. Speciosa ameniambia huku anatazama pembeni. Nimepiga hesabu ya maharage. Miezi mitatu, mvua ikiwa nzuri. Na mawingu naona yanakuja.

Jioni Gidioni alikuja akakaa nami juu ya nyavu. Akasema kutoka dirishani kwetu analiona banda langu, na kabla ya kulala hunipungia mkono. Akauliza kama huwa namwona. Nikasema kila siku. Nilimshika nikamnusa kichwa, kinanuka ziwa. Nataka kurudi nyumbani kwangu. Nataka kulala nikiwasikia wanavyopumua wote watatu. Akasema bibi amesema siku nitakayofika kwenye lile jiwe kwa kuogelea, yeye atapanda boti siku hiyo hiyo, maharage au siyo maharage. Akanivuta mkono, twende sasa hivi, kungali mwanga.

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria.

Bonaventura ana kuku. Wengi, wenye njaa, hawaachi kitu kilichochipua. Tatizo lao ni moja tu, hawajawahi kufika nyuma ya shule. Nimeomba pumba kwa Thobias, na leo nimeanza kuwaonyesha njia.